Soma Dalili Kabla Hujasugua: Dhahabu, Fedha na Lulu za Nyumbani

Harusi ikishapita, dhahabu za biarusi huingia kabatini zikiwa zimebeba msio (manukato ya kujisinga), poda, marashi, jasho na moshi wa udi. Baada ya miezi miwili mitatu huanza malalamiko: kidani kimefifia, bangili imepiga weusi, jiwe la pete limeingia ukungu. Dawa inayokimbiliwa ni ile iliyo karibu, yaani limau, majivu, dawa ya meno au jiki. Nimekulia Wete, Pemba, na kwa miaka mingi nimekuwa nikisafisha mapambo ya nyumbani kwetu na ya majirani. Mapambo niliyoyaona yameharibiwa na dawa ni mengi kuliko yaliyoharibiwa na uchafu. Weusi wa fedha una asili yake na weusi wa dhahabu una yake, na kinachotibu huu huweza kuliharibu pambo lenye ule. Kwa hiyo tuanze na dalili, dawa ifuate.

Kwanza jua umeshika nini

Tafuta muhuri mdogo ndani ya pete au karibu na kifungio cha mkufu. Ukishindwa kuusoma kwa macho, piga picha kwa simu kisha uikuze. 999 ni dhahabu ya karati 24, 916 ni ya 22, 875 ni ya 21, 750 ni ya 18, 585 ni ya 14 na 375 ni ya 9. Namba hiyo ni sehemu za dhahabu safi katika kila elfu. Zilizobaki ni shaba, fedha, zinki, na pengine nikeli. 925 ni fedha. Dhahabu yenyewe haishiki kutu. Kinachogeuka rangi ni kile ilichochanganywa nacho, au kilichoigandia juu. Ndiyo maana kidani cha 22 kikiwa cheusi mimi hudhania uchafu kwanza, lakini pete ya 9 ikiwa nyeusi hudhania shaba yake.

Pambo lisilo na muhuri si lazima liwe bandia. Kekee, timbi na furungu za bibi zetu, yaani bangili na vikuku vya fedha vya mikononi na miguuni, zilifuliwa na masonara ambao hawakuwa wakipiga namba. Baadhi ya fedha hizo zilitokana na reale zilizoyeyushwa, zile za Maria Theresa zenye mwaka 1780, zilizokuwa zikizunguka kama pesa katika pwani hii karne ya 19. Reale ile ina fedha sehemu 833 katika elfu, na karibu yote iliyobaki ni shaba. Ndiyo sababu kikuku cha zamani hupiga weusi upesi kuliko pete mpya ya 925, na hilo si dosari.

Fedha imekuwa ya manjano, kisha kahawia, kisha nyeusi

Hili ndilo tatizo ninaloletewa zaidi, na ndilo linalotegemea sana mahali unapoishi. Fedha haiharibiwi na hewa tupu. Huungana na salfa iliyomo hewani na kufanya utando mwembamba, ambao huanza kwa umanjano, hupita kwenye kahawia na mara nyingine buluu, kisha huwa mweusi kabisa. Unyevu huuharakisha, na visiwani kwetu unyevu hatuukosi.

Swali la kumuuliza mwenye pambo ni hili: unashinda wapi? Kama anafukia makumbi ya nazi ufukweni, jibu limepatikana. Lile tope jeusi ambalo makumbi hukaa miezi hadi yalainike ndipo yapondwe kuwa usumba, harufu yake ya yai bovu ndiyo gesi ya salfa yenyewe. Tope la mikoko ni hivyo hivyo, na mwani uliotupwa na maji ukaozea ufukweni, kama inavyotokea Paje, Bwejuu na Jambiani huko Unguja, hutoa gesi hiyo hiyo. Mama anayelima mwani akavaa pete ya fedha ataiona nyeusi ndani ya siku chache, naye huanza kushuku kuwa ameuziwa bati. Hakuuziwa bati. Aivue anapokwenda ufukweni, aiache nyumbani, basi.

Kama hashindi ufukweni, angalia jikoni na kabatini. Mayai na vitunguu vina salfa. Dawa za ngozi zenye kiberiti zinayo. Mpira wa kufungia noti unayo, na watu wengi hufunga bangili zao za fedha kwa mpira huo huo ili zisitawanyike. Ukikuta bangili ina mstari mweusi mmoja uliozunguka vizuri kama umechorwa, ni alama ya mpira.

Dawa yake haihitaji kusugua. Chukua sufuria kuukuu ya alumini, ile isiyopikiwa tena kwa sababu itapauka. Tia lita moja ya maji ya moto sana, kijiko kikubwa cha bekingi soda (bekingi pauda haifai, usichanganye) na kijiko kikubwa cha chumvi. Tumbukiza fedha hadi iguse sufuria. Kuigusa ni lazima, kwani kazi hufanyika pale metali mbili zinapokutana: alumini huichukua salfa na fedha hubaki pale pale ilipokuwa. Ukisugua kwa unga wa kukwaruza, weusi hutoka pamoja na fedha yako. Kwa njia hii huipotezi. Utasikia harufu ya yai bovu kidogo, ndiyo salfa inaondoka. Dakika mbili hadi tano zinatosha. Suuza, kausha, pangusa kwa kitambaa laini.

Lakini njia hii ina mipaka, na nataka uisome sehemu hii kwa makini kuliko zote. Usiitumie kwa pambo lenye jiwe, lulu au marijani, wala kwa kilichogundishwa. Usiitumie pia kwa fedha ya kale yenye nakshi. Weusi uliolala ndani ya nakshi za kekee ndio unaofanya maua yake yaonekane, na mara nyingi sonara aliuacha makusudi. Nilipokuwa msichana nilichemsha kekee ya bibi yangu ili nimfurahishe kwa sikukuu. Ilitoka nyeupe pee, kama kifuniko cha sufuria, na maua yote yamepotea machoni. Bibi hakunigombeza, lakini aliishika mkononi kwa muda mrefu bila kuivaa. Ilichukua miaka nakshi kurudi kusomeka. Pambo la namna hiyo lipanguse kwa kitambaa kikavu juu ya vinundu tu, mabondeni usiguse.

Ukiona kijani badala ya weusi, hasa kwenye maungio na vifungio, hiyo ni shaba inayoliwa na chumvi ya bahari au jasho. Osha kwa maji ya sabuni, suuza sana, kausha hadi ndani. Kikirudi baada ya wiki, lehemu yake (ile metali ya kuungia) inaliwa; sonara aione kabla haijaachia.

Dhahabu haing'ai, imekuwa kama imefunikwa

Karibu kila mara ni mafuta. Msio, mafuta ya nazi, losheni na marashi ya mafuta hujipaka juu ya dhahabu, na vumbi na poda hushika hapo. Moshi wa udi nao una mafuta yake. Aliyefukiza nguo na nywele akiwa amevaa kidani amekifukiza na kidani, na rangi ya kahawia iliyolala kati ya vipande vya mkufu ni utomvu wa udi. Ndugu zetu wanaochambua karafuu wakiwa na pete mkononi wanaijua hali hii: mafuta ya karafuu hunata, na vumbi la jamvini likikutana nayo hujenga ukoko ndani ya pete.

Tia maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, loweka robo saa, kisha sugua polepole kwa mswaki laini wa mtoto, hasa upande wa nyuma ambako hakuna anayeangalia. Suuza ndani ya bakuli jingine. Usisuuze chini ya bomba: kipuli kikiteleza kikaingia shimoni umekwisha. Kausha kwa kipande cha kanga iliyochakaa, kwani kanga mpya bado ina wanga na huacha nyuzi.

Kama umeosha vizuri na bado kuna utando mweupe, tazama maji yako. Maji yetu mengi hutoka kwenye mawe ya chokaa, na yakikauka juu ya dhahabu au jiwe huacha chokaa, ile ile inayoganda ndani ya birika. Visima vya karibu na pwani huongeza na chumvi. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua. Masika tunakinga mapipa tele, na chupa mbili za kuweka kando kwa kazi hii si shida. Ila yaache maji ya kwanza yaoshe paa kwanza.

Dawa ya meno usiitie kwenye dhahabu. Ina unga wa kukwaruza, na dhahabu ni laini, laini kama ukucha wako. Itang'aa siku hiyo kwa sababu umeichuna, na baada ya muda utaona mikwaruzo midogo inayoifanya ififie zaidi. Majivu ni hivyo hivyo. Limau na ukwaju ni vya sinia ya shaba, huko vinafanya kazi nzuri.

Dhahabu imeingia mabaka meupe

Simama hapa. Ikiwa dhahabu ya manjano imepata mabaka ya rangi ya fedha ambayo hayatoki kwa sabuni, mshukiwa wa kwanza ni zebaki. Zebaki hukumbatia dhahabu mara inapoigusa, huifanya nyeupe na kuivunjavunja. Nyumbani hutoka sehemu mbili: kipimajoto cha zamani kilichovunjika, au krimu ya kujichubua. Krimu za zebaki zimepigwa marufuku, lakini bado hupenya kwa njia za uchochoro, na nyingine hazisemi kwenye kopo kwamba zina zebaki. Dada akiniletea pete yenye mabaka meupe humuuliza kwa upole, pembeni, anapaka nini. Pete inaweza kutengenezwa. Kinachonitia hofu ni kwamba kilichoigusa pete kimeigusa na ngozi yake, na zebaki huingia mwilini ikaharibu figo; mjamzito humfikia na mtoto tumboni. Aache krimu ile na aende hospitali na kopo lake mkononi.

Usiipashe moto pete hiyo ili zebaki itoke. Itatoka kweli, kwa mvuke usioonekana, nawe utauvuta wewe na walio ndani. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki peke yake, mbali na dhahabu nyingine, na umwambie sonara wazi kwamba unashuku zebaki kabla hajawasha moto wake. Ukinyamaza unamdhuru yeye.

Pete imepasuka, au kucha zinazoshika jiwe zimekatika bila kugongwa

Muulize mwenye pete kuhusu jiki, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe yenye klorini. Klorini hushambulia zile metali zilizochanganywa na dhahabu, hasa katika karati za chini, 14 na 9, na dhahabu nyeupe yenye nikeli. Haionekani kwa macho hadi siku pete inapoachia. Wanaofanya usafi katika hoteli za Nungwi na Kiwengwa hushika klorini kutwa, na wanaofua nyeupe nyumbani hushika kila wiki. Glavu husaidia, ila kuvua pete ni bora zaidi.

Ngozi inabaki na alama nyeusi au kijani

Kijani ni shaba iliyokutana na jasho, haidhuru, huoshwa. Mara nyingi maana yake ni pete ya karati ya chini, au ya kuchovya ambayo dhahabu yake imekwisha na shaba ya ndani imefika ngozini. Weusi una sababu ambayo wengi hawaijui: poda. Poda za uso na krimu nyingi za kukinga jua zina chembe ngumu kuliko dhahabu, nazo hukwangua dhahabu kidogo kidogo, na dhahabu iliyosagika namna hiyo huonekana nyeusi ngozini. Biarusi aliyepakwa poda hadi shingoni akavishwa kidani cha 21 atabaki na mstari mweusi shingoni hata kama dhahabu yake ni halali kabisa. Nimeona familia mbili zikikaribia kununiana kwa jambo hili, upande wa bwana ukishukiwa kuleta mahari ya bandia. Poda kwanza, marashi kwanza, vikauke, kidani kiwe cha mwisho kuvaliwa na cha kwanza kuvuliwa.

Sikio linawasha au linatoa maji

Kama ni tundu la zamani lililokwisha kupona, shuku nikeli. Vua herini, acha sikio lipone, kisha jaribu herini ya dhahabu ya 21 au 22. Ikitulia, umepata jibu. Kama kuna usaha na homa, si kazi ya kusafisha herini tena, nenda kituo cha afya.

Dhahabu nyeupe imekuwa ya manjano

Haina ugonjwa. Dhahabu nyeupe nyingi hupakwa rodiamu, metali nyeupe, juu yake ili iwe nyeupe ya kung'aa, na kwa pete inayovaliwa kila siku rodiamu hiyo huisha. Hupakwa upya. Kuisugua nyumbani ni kuimaliza haraka zaidi.

Jiwe lina ukungu, au linatikisika

Geuza pete. Ukungu wa jiwe mara nyingi uko nyuma yake, ambako sabuni na mafuta vimejaza nafasi mwanga unakopitia. Almasi, yakuti na rubi huvumilia sabuni na mswaki kama nilivyoeleza. Zumaridi hapana: nyingi hutiwa mafuta kujaza nyufa zake, na maji ya moto huyatoa, nyufa zikaonekana. Feruzi na marijani hunywa mafuta na marashi na huumizwa na limau; kitambaa chenye unyevu kinawatosha. Tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967 na ambayo wengi wetu tumeinunua au kupewa, ni laini kuliko watu wanavyodhani, na hupasuka kwa mabadiliko ya ghafla ya joto. Usiitoe juani ukaitia kwenye maji ya barafu, na mashine ya kusafishia kwa mtetemo usikubali itiwe humo.

Kujua kama jiwe limelegea, lete pete sikioni na uigonge taratibu kwa kidole. Ukisikia mlio mdogo wa kugongana, acha kuivaa leo hii. Dalili nyingine ni kucha ya pete kushika uzi wa kanga au buibui kila unapopita. Na kabla hujaosha pete yoyote yenye jiwe, fanya jaribio hilo kwanza, kwani wakati mwingine uchafu ndio uliokuwa umelishika jiwe.

Lulu zimepauka au zinakwaruza

Lulu ni chokaa iliyofumwa na chaza, tabaka juu ya tabaka. Limau, siki, jasho na marashi huila. Ikishaliwa hairudi, na hapa sina dawa ya kukupa, nina tahadhari tu: zivaliwe mwisho, zipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu mara tu zinapovuliwa, zilazwe bapa. Kuzijaribu kwa siki ili ujue kama ni za kweli ni kuzichoma. Ipitishe kwenye ukingo wa meno yako: ya kweli hukwaruza kidogo kama mchanga mwembamba, ya plastiki huteleza.

Lulu nusu zinazofugwa na akina mama wa Fumba na Bweleo, Unguja, zinataka uangalifu wao. Mara nyingi lulu ya namna hii huwa ni kuba jembamba lililojazwa na kuwekewa mgongo kwa gundi, kwa hiyo usiiloweke kabisa. Ukiona mstari mweupe au ukungu unaoingia kutoka pembeni, maji yameshapita kwenye maungio.

Shanga za lulu zikianza kuachiana nafasi, au uzi ukawa wa manjano, zitungwe upya kabla hazijakatikia barazani.

Mkufu unakatika pale pale kila mara

Ukikatika mara ya pili mahali pamoja, kuunganisha tena hakutoshi. Pete za mkufu zimelika na zimekuwa nyembamba eneo zima. Pambo zito lililotundikwa kwenye mkufu mwembamba hufanya hivyo, na kulala nao ndiyo sababu kuu. Ukiviringana, weka tone la mafuta ya nazi juu ya fundo, tumia sindano mbili, kisha osha mafuta yatoke.

Unapokwenda kwa sonara

Pima uzito wa pambo mbele yake kabla ya kuliacha, piga picha pande zote, na upime tena siku ya kulichukua. Sonara mwaminifu hupenda upime. Usishangae likipungua kidogo baada ya kung'arishwa kwa mashine, kwani mashine hula dhahabu kila inapopita. Ndiyo maana mimi sipeleki kung'arisha kila mwaka. Dhahabu hizi kwa akina mama wengi ndiyo akiba pekee waliyo nayo kwa jina lao, na hupimwa kwa gramu.

Ukirudi nazo nyumbani, kila pambo liwe na kifuko chake cha pamba, lisigusane na jingine. Kwa fedha, tia kifuko ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, pamoja na kipande cha chaki ya shule kinyonye unyevu, na ukibadilishe masika yakianza.